Hata Kibuye hatuuzi hivyo

Jumapili ya Februari 2, 2025 nilikuwa soko la Kibuye mapema, kabla jua la Kisumu halijaanza kukaanga mabati, nikitafuta kaptura ya kuchezea. Muuza jezi ninayemwendea siku zote alikuwa ameshakata belo la mitumba. Kamera, zile za daraja la kwanza, zimetundikwa kwenye hanga; fagia, yaani makapi, ziko rundo chini kwenye turubai. Kati ya zile za juu kulikuwa na moja ya buluu ya Dallas Mavericks, timu ya kikapu ya Marekani, mgongoni 77 na jina la Dončić, haina hata doa. Alitaka mia saba. Mimi nilikuwa nimefika mia nne na nusu na nilijua atalegea.

Saa mbili na dakika chache hivi, simu ya kijana wa boda aliyekuwa ubavuni mwangu ikaita mlio wa ujumbe. Akasoma, akarudia kusoma, akanipa nione. Luka Dončić kaenda Los Angeles Lakers, Anthony Davis kaja Dallas.

"Omera, hiyo akaunti imedukuliwa," akasema mwingine nyuma yetu.

Hatukuwa peke yetu. Hata Marekani, ambako ilikuwa bado usiku, watu walidhani mwandishi Shams Charania kaibiwa akaunti, mpaka akaandika tena kwamba ni kweli.

Muuzaji wetu hafuatilii kikapu kabisa. Yeye ni wa Gor Mahia na mitumba yake. Lakini aliposikia kelele aliuliza swali moja tu: "Huyo wa 77 ndiye ameuzwa?" Tukamwambia ndiye. Akaichomoa jezi kwenye hanga, akaipandisha juu ya kichwa: "Ya mwisho hii! Hazitengenezwi tena! Mwalimu hapa ana mia nne na nusu, nani anaongeza?" Watu waliokuwa wakipita zao wakasimama. Mmoja akasema mia sita. Yule wa boda akasema mia saba, mwingine mia nane, na dakika tano hazikuisha jezi ikaondoka na kijana wa boda kwa mia tisa. Mimi nikabaki na hasira zangu na kaptura ya fagia.

Tangu siku hiyo nimeisikia biashara ile ikijadiliwa kwa kinyozi, kwenye matatu na kando ya uwanja tunapocheza jioni, na karibu kila mara ubishi huenda kulekule. Upande mmoja unalia usaliti: kijana wa miaka 25, ameingia kikosi cha kwanza cha bora wa ligi miaka mitano mfululizo, amewafikisha fainali Juni 2024, halafu anatolewa usiku kama mgeni aliyekula akanyamaza. Upande wa pili unasema kama alivyosema Nico Harrison, meneja mkuu wa Dallas wakati huo, kwamba ulinzi ndio huleta ubingwa, na Davis ni mkali wa kulinda. Mashabiki wetu wa soka nao huongeza la kwao: wanashangaa vipi mchezaji anahamishwa bila kuulizwa. Katika NBA, ligi hiyo ya kikapu ya Marekani, mchezaji asiye na kipengele cha kukataa kuhamishwa kwenye mkataba, na wenye nacho ni wachache mno, hupewa habari tu. Dončić hakuwa nacho. Tena Dallas kwenyewe alifika kwa mabadilishano, usiku wa kuchagua chipukizi, timu zinapogawana wachezaji wapya kwa zamu, mwaka 2018, akitoka mikononi mwa Atlanta waliomchukua Trae Young. Kwa hiyo hilo la usaliti mimi silitilii uzito sana.

Kinachonichoma ni bei.

Dallas walimtoa Dončić, wakaongeza Maxi Kleber na Markieff Morris juu yake. Wakapata Davis, aliyekuwa anaelekea miaka 32, Max Christie, na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya kuchagua chipukizi, ya mwaka 2029. Moja! Miezi michache kabla, New York Knicks walitoa nafasi tano za raundi ya kwanza kumpata Mikal Bridges. Miezi michache baadaye Orlando wakatoa nne, na wachezaji wawili juu yake, kumpata Desmond Bane. Bridges na Bane ni wachezaji wazuri, sikatai, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuitwa kwenye mechi ya nyota. Sasa nieleze wewe mtu wa Dallas hesabu hiyo inafungwaje.

Inafungwa hivi: Harrison hakupaza sauti. Alizungumza na Lakers tu, kimyakimya, tangu Januari, na timu nyingine zikasikia wakati mmoja na sisi wa Kibuye.

Watetezi wake wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema mtu kama Luka ukimtangaza sokoni, siri ikavuja, unaharibu nyumba hata kama hukuuza. Mashabiki watawaka, mchezaji atakasirika, na bado majira ya joto anakudai mkataba wa takriban dola milioni 345. Tena alikuwa na jeraha la shavu la mguu tangu Krismasi. Sawa. Lakini Davis naye alikuwa ameumia tumbo siku hizohizo, kwa hiyo tusisingizie nguo imechanika wakati uliyopokea nayo ina kiraka. Na hofu ya kelele haikuwasaidia chochote, maana mashabiki waliwaka vilevile, wakaimba uwanjani "Fire Nico", mfukuzeni Nico, mpaka wimbo ukazoeleka kuliko wa timu.

Davis alicheza mechi yake ya kwanza Februari 8, akafunga pointi 26 na kudaka ribaundi 16, kisha akatoka kabla mechi haijaisha, kaumia paja. Mwezi uliofuata Kyrie Irving akachanika goti. Aprili 9 Luka akarudi Dallas na jezi ya Lakers, akatokwa na machozi video yake ilipoonyeshwa, halafu akawafunga 45. Harrison alifutwa kazi Novemba 11.

Kuna rafiki yangu wa Kondele, Mavericks damu, ambaye kila nikifika hapa hunikata: "Na Cooper Flagg je, Japuonj, mwalimu wangu? Bila kuanguka vile tungempata?" Ni kweli, Dallas walishinda bahati nasibu ya nani achague chipukizi wa kwanza wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, wakamchukua Flagg. Namwambia kuokota noti barabarani si ufanyabiashara. Anasema noti ni noti. Hapo hatujawahi kusonga.

Juzi nilimwona yule kijana wa boda stendi ya Kondele, amekaa juu ya pikipiki na jezi yake ileile. Zile namba zimeanza kubanduka pembeni. Nikamuuliza ataiachia ngapi.

"Mwalimu," akasema, "ita wengine kwanza."