Pesa ya serikali na meli za NYK: iliwainua au iliwazamisha?

Kuna wanaosema NYK, kampuni ya meli ya Japan, ilibebwa tu na serikali, na kuna wanaosema bila kubebwa Wajapani wangebaki kupanda meli za Wazungu miaka yote. Mi naona kila upande una haki yake.

Angalia ilivyozaliwa. Mwaka 1885 kampuni mbili, ile ya Mitsubishi na Kyodo Unyu, zilikuwa zinashushiana nauli mpaka zote zinakaribia kufa, serikali ikaingilia ikaziunganisha, tena wenye hisa wakahakikishiwa gawio la asilimia 8 kwa miaka 15, sasa hapo ushindani uko wapi? Lakini mgongo huohuo ndo uliwapa ubavu 1893 kwenda Bombay, India, kufuata pamba, njia iliyoshikwa na P&O ya Waingereza na wenzake, wakapigwa vita ya nauli na hawakufa, manake na wenye viwanda vya nyuzi vya Japan walishawaahidi mzigo. 1896 tayari wako Ulaya na Seattle. Kwa hiyo anayesema ruzuku inalemaza tu, hapo namkatalia.

Ila anayekulipia anakuja kudai chake. Miaka ya mwisho ya 1930 serikali ilichangia kujenga meli mbili za abiria za NYK, Kashiwara Maru na Izumo Maru, kwa sharti kwamba jeshi likitaka linazigeuza, na hazikubeba abiria hata mmoja, zikamaliziwa kama meli za kubeba ndege za kivita, Junyo na Hiyo. Utasema hata Queen Mary ya Waingereza ilibeba askari, ni kweli kabisa, lakini ile ilichorwa kwa ajili ya abiria na 1947 ikarudi kwa abiria wake. Asama Maru, Tatsuta Maru na Kamakura Maru, fahari ya njia ya San Francisco, zote zilizamishwa na nyambizi za Marekani kati ya 1943 na 1944. Mabaharia wa kampuni zaidi ya 5,000 walikufa kwenye Vita vya Pili vya Dunia na hapo ndo roho inaniuma, hawa walikuwa watu wa kazi za meli, sharti lile hawakulisaini wao.

Iliyopona ni Hikawa Maru ya 1930, iligeuzwa hospitali, ikagonga mabomu ya baharini na haikuzama, leo imetia nanga Yokohama na unaingia mpaka kwenye vyumba vya daraja la tatu unaona vile vitanda vya juu na chini. Pacha wake Heian Maru amelala ubavu chini ya maji kule Truk, visiwa vya bahari ya Pasifiki, tangu 1944, na wapiga mbizi bado wanalisoma jina lake pale ubavuni.