Mdoezi mwenye masharubu

Leo nimekula chakula cha jioni nimesimama jikoni, mlango nimeubana kwa kisigino, sahani iko juu ya friji kama mali ya wizi. Mimi. Mtu mzima, ndevu zimeshaanza kuchanganya rangi, mtu ambaye kazini nikikohoa tu wawili watatu wanajifanya wako bize. Namkimbia kiumbe ambaye kimo chake hakifiki gotini kwangu.

Na ninyi wenye paka msijifanye mnashangaa. Mnamjua vizuri. Kalala sebuleni kama maiti, unamwita kwa jina hageuzi hata sikio. Haya, nenda kafunue sufuria ya samaki. Ifunue kimyakimya, kwa ncha za vidole. Ukigeuka yuko pale, mkia kauzungushia miguu, kakaa wima kama mkaguzi wa hesabu. Hasemi neno. Anatazama sahani, anatazama mdomo wako, anarudi kwenye sahani. Tonge linapanda, macho yake yanapanda nalo. Likiingia mdomoni anafumba macho polepole kama mfiwa.

Jina lake la kuzaliwa ni Pamba. Watoto ndio waliompa, enzi hizo akienea kwenye kikombe. Siku hizi mimi namwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao cha kula kinachofunguliwa bila yeye, na kwa sababu kiti changu si changu tena.

Usiniambie ana njaa. Bakuli lake limejaa chakula nilichokinunua kwa jasho langu, chenye protini, chenye ile taurini ambayo mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na akiikosa macho na moyo vinaharibika. Mimi sijawahi kuandaliwa chakula kilichopigiwa hesabu namna hiyo tangu nizaliwe. Yeye anakinusa, anaparura sakafu pembeni yake kana kwamba anafukia uchafu, kisha anakuja kudoea kwangu.

Juzi kaomba keki. Keki! Na wanasayansi waligundua mwaka 2005 kwamba jeni ya kuonja utamu kwa paka ni mbovu, haifanyi kazi, si kwake tu bali hata kwa chui milia na duma. Sukari kwake ni kama hakuna kitu. Sasa alikuwa anailia nini ile keki? Mafuta yake, labda. Au basi tu, kwa kuwa nimeishika mimi.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, maana mke wangu alisema huenda ana minyoo. Si wazo baya. Paka akianza ghafla kuomba kupita kiasi inaweza kuwa minyoo, au kisukari, au tezi ya shingo imezidisha kazi, hasa kama umri umekwenda. Daktari akapima vyote, akakuta hamna. Akampandisha kwenye mzani: kilo 6.8. Akautazama mzani, akanitazama mimi, akalitazama tumbo langu. Sikuupenda ule mfuatano.

"Huyu haumwi," akasema. "Ana mazoea. Nani anampa mezani?"

Kimya. Kitinda mimba wetu akatazama viatu vyake. Mke wangu akatazama dirisha. Mwenyekiti, aliyekuwa bado juu ya mzani, akageuza shingo taratibu akanitazama mimi. Mbele ya daktari.

Tukapewa masharti. Ale chakula chake kabla sisi hatujakaa mezani. Kigawanywe mara nne au tano kwa siku, kwa kuwa paka kiasili ni mtu wa kula kidogo kidogo, kapanya kamoja sasa hivi, kengine baadaye. Kiasi fulani kiwekwe ndani ya mpira wenye tundu, auviringishe mpaka kidondoke, apate shughuli. Na sisi tukiwa tunakula asitazamwe, asisemeshwe, asipewe, asifokewe. Nikauliza kama naweza kumrushia maji. Akanijibu kwamba hapo nitamfundisha kuniogopa mimi, samaki ataendelea kumpenda. Nikauliza kama naweza kumnyima chakula siku mbili tatu, ashike adabu. Daktari akavua miwani. Kumbe paka, tena mnene, akikaa siku chache bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta na likamuua. Yaani anayenidai hata kumgomea siruhusiwi.

"Na atazidisha kwanza kabla hajaacha," akaongeza, kwa utulivu wa mtu atakayelala nyumbani kwake.

Alizidisha. Usiku wa kwanza alilia. Wenyewe kwa wenyewe paka wazima hawaliani sana, ile nyau ni lugha wanayoiweka kwa ajili yetu sisi, na ile siku nilitukanwa kwa lugha hiyo tangu mwanzo wa mlo mpaka kuosha vyombo. Usiku wa pili alimpanda mtoto mgongoni. Wa tatu tukamfungia nje ya chumba. Akaupitisha mguu chini ya mlango, akawa anapapasa sakafu, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Jaribu wewe kumeza huku mkono wa namna hiyo unakutafuta.

Wa nne ndipo alipotoa ule mkoromo. Mnaujua. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza waliueleza: paka anayetaka chakula anaficha ndani ya kukoroma kwake kilio chembamba kinachofanana na cha mtoto mchanga, na hata watu wasiofuga paka wakisikilizishwa wanahisi kuna jambo la haraka. Nilishayasoma yote hayo. Elimu haikunisaidia kitu. Nilikaa nimeshika ukingo wa meza, natazama dari, familia nzima inatazama dari, watu tunapeleka matonge mashavuni kwa kukosea njia.

Siku ya nane akapunguza. Siku ya kumi na moja tulikula mlo mzima Mwenyekiti kalala kwenye zulia, katupa mgongo. Nilijisikia kulia. Niliongeza chakula nisichokihitaji, kwa furaha tu.

Siku ya kumi na mbili akaja baba mkwe.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mzee akaingia, akakaribishwa, akapewa kiti kizuri kuliko vyote, ambacho ndicho kile kiti. Mwenyekiti akainua kichwa. Sijui paka huwatambuaje watu wa aina hii. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akavuka zulia bila haraka, akawapita watoto, akanipita mimi kama nguzo ya umeme, akakaa miguuni pa mzee. Akatoa nyau moja. Ndogo. Nyau ya kuaga dunia.

"Huyu paka kala?" mzee akauliza.

"Kala, baba. Kala kabla yetu."

"Mbona kakonda?"

Kilo sita nukta nane. "Kakonda, baba?"

"Tazama macho. Macho hayadanganyi. Huyu analala njaa." Akamgeukia binti yake. "Mama, huyu hamumlishi?"

Mke wangu, ambaye katika kikao cha familia ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga hoja, akasema, "Muulize mwenzangu, baba. Sheria kaweka yeye."

Pale pale nikajiona kwa macho ya mzee: mwanamume aliyemkabidhi binti yake, kumbe anamhesabia paka matonge. Kama paka anafanyiwa hivi, mwanangu je?

Nikajikusanya. Nikatoa sauti yangu ya mikutanoni. Nikamweleza kwamba alikuwepo mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliyekuwa akiwaweka wanyama kwenye sanduku lenye kitu cha kubonyeza ili chakula kitoke. Mnyama aliyezoea kupata kila akibonyeza, siku chakula kikikatwa anakata tamaa mapema. Lakini aliyezoeshwa kupata mara mojamoja, leo ndiyo kesho hapana, huyo habanduki. Atabonyeza, atabonyeza, atabonyeza. "Kwa hiyo, baba, kipande kimoja tu cha leo kitamwambia kwamba zile siku kumi na moja alizoomba hazikwenda bure."

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa adabu sana.

"Huyo Skinner alikuwa anafuga paka?"

"Alitumia panya, baba. Na njiwa."

"Njiwa."

"Ndiyo, baba."

"Sasa unamlea paka kwa habari za njiwa?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikafungua mdomo nijibu, ndipo nikauona mkono wa mzee unashuka chini ya meza. Unashuka polepole, uso wake kwangu, kama mtu anayekwenda kujikuna goti. Na katikati ya vidole viwili, kipande cha nyama kinachuruzika mchuzi, na juu ya nyama, kimejibandika kama bendera, kitunguu.

Kitunguu kwa paka si mchezo. Kibichi, kilichopikwa, cha unga, na ndugu yake kitunguu saumu: vyote vinaziharibu chembe nyekundu za damu, na balaa lenyewe linajitokeza siku kadhaa baadaye, wewe umeshasahau. Nilitaka kusema, "Samahani baba, naomba usimpe hicho, kina kitunguu." Hiyo ndiyo sentensi niliyoiandaa, naikumbuka, ilikuwa nzuri. Iliyotoka ilikuwa "KITUNGUU!", mimi nimesimama, kiti kimeanguka nyuma yangu, na kidole changu kimemlenga mzazi wa mke wangu katikati ya macho.

Mzee alishtuka, nyama ikamponyoka. Tukainama wote wawili kwa wakati mmoja kuiwahi, vichwa vikagongana, ngo! Mwenyekiti, nimpe haki yake, hakukurupuka. Alikinusa kitunguu, akakivuta pembeni kwa ukucha mmoja kama anayefungua barua, akaishika nyama kwa pembe ya mdomo akaingia nayo chini ya kabati. Nikamfuata kwa tumbo. Kwa hiyo kumbukumbu aliyoondoka nayo baba mkwe kuhusu mimi ni nyayo zangu, zimetokeza chini ya kabati, na sauti inayosema, "Tema! Tema hiyo, mwanaharamu wewe!"

Hakuitema.

Nikampigia daktari usiku ule ule. Akauliza ni kiasi gani, akaniambia nitulie, nimwangalie tu fizi zisipauke na mkojo usibadilike rangi. Kwa hiyo siku nne nimekuwa mkaguzi wa mkojo. Naamka naingia kwenye boksi lake la mchanga na tochi. Fizi anazionyesha akinichoka. Mzima kabisa, anang'aa, kanenepa. Na ameanza upya. Amini usiamini, ni mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa ana ushahidi. Saa kumi alfajiri ananikalia kifuani ananigusa mdomo kwa mguu, taratibu, kuhakiki kama kuna kitu ndani.

Mzee alipiga simu jana. Hakuuliza hali yangu. "Mwenzangu hajambo?" Nikampa paka simu.

Halafu nani aliwaambia watoto kwamba paka anakunywa maziwa? Kila kitabu cha picha kina paka na bakuli la maziwa, wote wanatabasamu. Paka wakubwa wengi sukari ya maziwa haiwakubali matumboni, wanaharisha. Mchoraji ukurasa unaofuata hakuuchora. Ukurasa unaofuata ni mimi na kitambaa.

Sasa nimetoa sheria mpya: kila kitu kifunikwe. Meza ifutwe, sufuria zifunikwe, hata sahani ya kusubiri mtu ifunikwe. Ndipo nikagundua nyumba hii ina sufuria tisa na mifuniko mitatu. Mmoja unaelea ndani ya kila sufuria, mmoja hauna kishikio, na wa tatu ni wa sufuria ambayo sisi hatujawahi kuwa nayo. Nilikaa sakafuni saa nzima nalinganisha, Mwenyekiti kakaa ndani ya sufuria kubwa ananisimamia. Nikamuuliza mke wangu hii mifuniko huwa inakwenda wapi. Akasema zilikuja hivyo hivyo. Zilikujaje hivyo hivyo? Nani aliwahi kuuziwa sufuria tisa na mifuniko mitatu?

Akasema nimuulize Skinner.