Gari Langu Linachukia Shibe

Jamani, gari langu linachukia shibe. Nikiweka mafuta ya elfu kumi, linanitoa Kimara hadi Kibaha linaimba. Mwisho wa mwezi nikijitutumua nikajaza tangi, lita 40 nzima, Kiluvya tu linakohoa mara mbili, linazima. Konda wa daladala anapita anapiga kelele: "Mzee, kobe wako kaingiza kichwa?"

Na si gari la kudharau. Ni Volkswagen Beetle ya 1965. Ndugu zake ndio walioshinda Safari Rally mwaka 1962, kwenye matope ya kweli. Langu linashindwa na Kiluvya, tena kwenye lami.

Fundi wa kwanza akasema pampu. Nikanunua pampu. Wa pili akasema pampu mpya feki, halafu akafungua kabureta, akairudisha, akabaki na skrubu mbili mkononi: "Hizi hazina kazi." Wa tatu, koili. Jirani yangu, ambaye hana hata baiskeli, akasema pale Kiluvya pana jambo, nipeleke jogoo. Kusema kweli jogoo alikuwa rahisi kuliko koili.

Kinachoudhi, ukilingoja pembeni kama nusu saa, linawaka lenyewe kama halijakukosea.

Juzi likazima tena. Nikafungua boneti ya mbele, maana Beetle tangi liko mbele na injini nyuma (hapakosi msamaria wa kukuambia umeibiwa injini). Nikazungusha mfuniko wa tangi nichungulie. Fyuuuu! Likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Nikapiga stata, likawaka hapo hapo.

Nikasimama na mfuniko mkononi, jasho likanitoka. Nilikumbuka.

Miezi mitatu nyuma mama watoto alilalamika kwamba gauni lake la harusini linanuka petroli. Mimi, mtaalamu, nikaona kimpira chembamba shingoni mwa tangi, kimekatika, kinatoa harufu. Nikakiziba kwa kipande cha ndala na gundi. Kumbe hapo ndipo tangi linapopumulia! Pampu inanyonya petroli, hewa haiingii kushika nafasi yake, mwisho pampu na tangi vinavutana kama mtoto anayenyonya soda kwa mrija huku mdomo wa chupa umezibwa. Likijaa ndiyo kabisa, hewa iliyomo ni kiduchu, linabanwa mapema. La elfu kumi angalau linabaki na mapafu.

Ndala nimeing'oa. Pampu ya zamani ilikuwa nzima, koili nzima, na yule jogoo sijui kaliwa na nani.

Leo tumekwenda Kibaha tangi limejaa, halikukohoa. Mama watoto kakaa nyuma, khanga puani, ananiuliza kimpira kipya cha kutoa harufu nje kingekuwa shilingi ngapi siku ile.

Mimi naangalia barabara.