Zamu ikikatika

Jumamosi moja ya Julai, kibarazani hapa Soweto, Mbeya, baridi ikiwa imetufanya tushike vikombe kwa mikono miwili, kijana mmoja alianza zamu yake ya Blood Bowl, mchezo wa mezani, na mchezaji mwenye mpira. Zilibaki hatua mbili za ziada afunge, kila moja na dadu yake, na marudio, yaani nafasi za kuirusha dadu upya, alikuwa keshayamaliza. Dadu ikaviringika, ikagonga kikombe, ikasimama kwenye 1. Mchezaji chini, mpira chini, zamu imekwisha. Wenzake kumi hawakusogea hata mraba mmoja. Akasema huu si mchezo, ni bahati nasibu, na wiki iliyofuata hakuja.

Mchezo wenyewe ni mpira wa kubeba na kupigana wa mazimwi na vibwengo, ulioanza Uingereza mwaka 1986 kwa mkono wa Jervis Johnson wa Games Workshop. Sisi vinyago hatuna. Tunasukuma vizibo vya soda juu ya manila yenye miraba 26 kwa 15. Kanuni iliyomuudhi kijana, kwamba mchezaji wako akianguka zamu ya timu nzima inakatika, iliingia na toleo la tatu, 1994, pamoja na dadu maalumu za kukabana. Mengi yamebadilika baadaye: mwaka 2020 uwezo wa kupiga pasi ulipewa kipimo chake, na pointi za uzoefu zikawa za kununulia ujuzi badala ya kusubiri dadu ikupangie. Kukatika kwa zamu kumebaki.

Wanaoipinga wana hoja. Mgeni amekuja kucheza, dadu ya kwanza inamkalisha, anabaki kumtazama mwenzake akihamisha watu kumi na mmoja. Inauma.

Lakini sisi tuna bao. Unatembeza kete mpaka ya mwisho iangukie shimo tupu; hapo umelala, na mwenzako anaingia. Sijasikia mtu akiita hilo uonevu. Nitaambiwa bao halina dadu, kulala kwake mjuzi anakuona mapema. Ni kweli, na hapo mfano wangu unachechemea. Ila dadu nayo inahesabika.

Hatua ya ziada hushindikana kwa 1 tu, kwa hiyo mara 5 kati ya 6 unapita. Mtu akisikia hivyo anajiona yuko salama. Sasa zipange dadu nne za namna hiyo mfululizo: nafasi ya kupita zote ni kama asilimia 48. Chini ya nusu! Ukiwa na rudio moja tu mkononi, inapanda hadi asilimia 80. Nimeipiga hesabu hii nyuma ya daftari mara kadhaa, kila mara nikidhani nimekosea. Rudio lile ambalo mgeni hulimaliza kwa kumkaba mtu asiye na maana pembeni ndilo lililobeba mechi nzima.

Kijana wetu alikuwa na dadu mbili, asilimia 69. Si haba. Kosa lake lilikuwa mpangilio. Wale kumi wengi wao wangeweza kusogea bila dadu yoyote. Angewaleta kwanza karibu na mbeba mpira, hata angeanguka mpira ungedondokea katikati ya watu wake. Iondoe kanuni uone: akianguka huyu, anaokota yule, anakimbia wa tatu, na hakuna sababu ya kufikiri nani aanze. Ndiyo maana siikubali dawa ya kuifuta, hata kwa wageni.

Ninachokubali ni kumwongezea mgeni marudio mawili katika mechi zake tatu za mwanzo. Wakongwe wetu wawili wamenuna, wanasema tunadekeza. Kijana nimemtumia ujumbe kumweleza. Amejibu akiuliza kama safari hii anaweza kuchukua mazimwi, binadamu amechoka nao.