Chama kimenipa fulana tano

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni mstaafu wa bandarini. Magharibi ikishasaliwa hukaa barazani na birika lake la kahawa na kisahani cha kashata, na apitaye hapo hapiti bure, lazima aulizwe swali. Wiki iliyopita nilinaswa mie.

"Mwanangu, huko chuoni kwenu mna chama cha wafanyakazi?"

"Tunacho, mzee."

"Kinakukata ada?"

"Kila mwezi."

"Haya, kimekupa nini?"

Nikafikiri kidogo, nikamjibu ukweli: fulana tano za Mei Mosi na kofia mbili. Fulana moja napigia deki.

Alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alipotulia akaniuliza kama tunagombana na chama chetu. Nikamwambia hapana, hatugombani nacho, wala hatukifikirii. Akatikisa kichwa. "Sie wetu tulikuwa tukigombana nacho kila Jumamosi," akasema, akamimina kikombe kingine.

Nimeondoka pale na hilo neno, na mpaka leo halijanitoka.

Mie ni mtunza kumbukumbu. Chuoni watu tumegawanywa mafungu mawili: wanataaluma, yaani wahadhiri, na waendeshaji, yaani wengine wote. Waendeshaji ndio masjala, makatibu mahsusi, wahasibu, watu wa udahili, madereva, mafundi, wahudumu. Walinzi na wafagiaji walikuwa wetu pia, siku hizi wengi ni watu wa mkandarasi, na walipohamia huko chama kikawapoteza bila hata kikao cha kuwaaga.

Kazi yetu sisi ni karatasi. Orodha ya posho ya kusimamia mitihani tunaichapa sisi. Dokezo la kuomba masurufu ya safari ya mhadhiri linapita kwetu likienda na kwetu likirudi. Barua ya mtu kupandishwa daraja, mie ndiye ninayeipa namba ya folio na kuifunga kwenye jalada. Ndiyo maana naona haya kidogo kuandika ninachotaka kuandika: hakuna kundi chuoni linalojua njia za karatasi kama sisi, na hakuna kundi lisilojua karatasi zake lenyewe kama sisi.

Tazama mkutano wa tawi la chama unavyokwenda. Watu wakishakaa, ajenda zote humezwa na neno moja: mshahara. Mshahara hautoshi, mshahara upande, viongozi wamelala. Nami nimo katika wanaopiga makofi. Lakini mshahara wa mtumishi wa umma mkuu wa chuo haupangi, na mwenyekiti wa tawi ndiyo kabisa. Kima cha chini kilipopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, aliyetangaza ni Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Singida kwenye Mei Mosi. Kabla ya kutangazwa, hayo huongelewa huko juu, baina ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na serikali. Sisi wa Tanga tukipiga kelele mpaka ukumbi utetemeke, atakayetusikia ni yule mama wa chai tuliyemwagiza maandazi.

Yapo mambo ambayo tawi linayaweza, na hayo ndiyo hatuyaombi.

Chukua kukaimu. Kuna dada mmoja ofisini kwetu amekaimu ukuu wa kitengo mwaka wa tatu sasa. Utaratibu wa utumishi unataka kukaimu kusizidi miezi 6, kisha mtu athibitishwe au apatikane mwingine. Yeye alipewa funguo na mhuri, akaambiwa "shikilia kwanza". Barua hana. Na kwa kuwa hana barua, posho ya kukaimu hana, na siku bosi mpya akiletwa dada atarudi kwenye kiti chake cha zamani bila hata asante. Hilo halihitaji Hazina wala mgomo. Linahitaji mtu wa chama aende kwa afisa utumishi na kusema: mwenzetu huyu apewe barua, au aache kusaini. Nilimuuliza kama amepeleka jambo lake tawini. Akanitazama kama niliyemwambia apeleke kwa Mkuu wa Majeshi.

Au saa za ziada. Msimu wa udahili na wa mahafali, watu wa masjala na udahili tunatoka ofisini taa za barabarani zimeshawaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na inasema saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Kwetu hulipwa kwa pilau. Pilau yenyewe nzuri, sikatai, na soda baridi juu. Ila sijawahi kuona tawi likiandika hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Nauli ya likizo, madai ya uhamisho, malimbikizo ya waliochelewa kupanda daraja, ule mserereko, yaani kuvushwa hadi daraja ambalo mtu alistahili kuwa ameshalifikia, ambao wenzetu wa idara fulani waliupata na sisi tukausikia redioni: nikianza kuyataja moja moja nitakesha.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi.

Tulikuwa na mzee pale masjala, ndiye aliyenifundisha kazi. Ukimtajia jina la mtumishi wa mwaka wowote, anakwambia jalada liko rafu ya ngapi na jalada la pili lilifunguliwa lini. Akatimiza 60, akastaafu kwa lazima. (Maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma wao huenda mpaka 65. Sisi waendeshaji tunaaga mapema, na sijasikia tawi lolote likiuliza kwa nini.) Mzee akafuatilia mafao yake, akakuta kuna miezi 14 ambayo michango yake haionekani. Makato kwenye hati za mshahara yapo, mwezi kwa mwezi. Kwenye mfuko wa pensheni hayapo. Ni ya zamani, kabla mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF haijaunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Mwajiri akasema alipeleka, mfuko ukasema haukupokea, na mzee akawa anapanda basi kila baada ya wiki mbili na bahasha ya kaki kwapani.

Jambo lilimchukua miezi minane. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na hati zake zote za mshahara, kazifunga kwa kamba ya katani kama mzigo wa kuni. Siku moja alikuja kutusalimu, nikamuuliza, mzee wangu, wewe uliyejua jalada la kila mtu, hukuwahi kuomba taarifa ya michango yako? Akasema, "Mwanangu, niliona ni kama kutomwamini mwajiri."

Katika PSSSF mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri 15. Maana yake katika kila shilingi 20 zinazoingia kwa jina lako, 15 hazikupita machoni pako. Hukuziona zikiingia, hutaziona zikikosekana. Na pensheni ya mwezi inataka michango ya angalau miezi 180, kwa hiyo kuna mtu miezi 14 itamweka upande mmoja wa mstari au wa pili. Tawi linaweza kuomba taarifa za michango za wanachama wote mara moja kwa mwaka, likazisoma pamoja nao mchana mmoja ukumbini. Gharama yake ni chai. Hatujafanya hata mara moja.

Najua wasomaji wangu, wapo wanaosema chama ni ulaji, dawa ni kujitoa. Kujitoa unaruhusiwa, unaandika notisi ya mwezi mmoja na makato ya uanachama yanakoma. Ila mahali ambapo chama chenye wanachama wengi kimefunga na mwajiri makubaliano ya ada ya uwakala, ile anayokatwa asiye mwanachama, utaendelea kukatwa. Jina la makato ndilo litakalobadilika. Na kiasi chake kisheria hakizidi ada ya mwanachama, lakini kinaweza kulingana nayo. Wenzetu wawili walijitoa kwa mbwembwe, wakaonyesha barua kwenye kundi la WhatsApp, mwisho wa mwezi wakakuta pesa ileile imeondoka. Tofauti ni kwamba sasa hawana kura.

Lakini kifungu hichohicho cha sheria kina mfupa mtamu ambao hatujawahi kuugusa. Fedha ya ada ya uwakala inatakiwa iwekwe kwenye akaunti yake peke yake, na itumike kutetea maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi wa mahali hapohapo pa kazi. Hapohapo. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye mkutano ni fupi mno: akaunti hiyo iko benki gani, na mwaka jana ilifanya nini hapa Tanga? Nimehudhuria mikutano ya tawi miaka zaidi ya kumi na sijamsikia mtu akiliuliza. Na mie simo katika walionyamaza kwa hekima. Nilikuwa sijui.

Piga hesabu mwenyewe. Ukikatwa asilimia 2 kwenye mshahara wa 900,000 ni 18,000 kwa mwezi, ni 216,000 kwa mwaka. Miaka kumi, milioni mbili na ushei. Fulana gani hiyo?

Wahadhiri huwa tunawasema sana kwenye vikao vyetu, kwamba wanapendelewa. Kupendelewa kupo. Lakini nimefungua barua zao kwa miaka, nimeona wanavyodai. Wao wana jumuiya zao za wanataaluma pembeni ya chama, na mhadhiri akidai anadai kwa maandishi, anataja waraka, anataja tarehe, ananakili barua kwa watu watano. Sisi tunaochapa na kupokea hizo barua, ya kwetu tunayadai kwa kunong'ona kantini. Hapo siwezi kumlaumu profesa.

Mzee wa bandarini aliniambia jambo jingine usiku ule. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, wakati wa Mwingereza, na babu yake alikuwepo. Hawakuwa na makato ya ofisini wala akaunti. Baadaye, miaka ya 1950, mkonge ukawa ndio uwanja wenyewe: mgomo wa Mazinde mwaka 1958 bado unasimuliwa huko njia ya Korogwe. Victor Mkello, aliyeongoza chama cha wafanyakazi wa mashamba, serikali ya uhuru ilimpeleka akakae Sumbawanga mwaka 1963 kwa sababu ya migomo. Mwaka uliofuata vyama vikavunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima.

Sisemi turudi huko, mie mwenyewe ni mwoga wa mabomu ya machozi. Ninachokichukua kwa yule mzee ni kimoja. Zamani, anasema, mkusanya ada alikuja mlangoni kwako na daftari, na kabla hujatoa senti ulimwambia yote yaliyokukera mwezi huo. Leo pesa inatoka kwenye mshahara kabla hujauona, na mwajiri anaipeleka moja kwa moja chamani. Hakuna anayebisha hodi. Kiongozi wa tawi anaweza kumaliza muhula bila kujua ofisi yangu iko ghorofa ya ngapi.

Wawakilishi, tukitaka, wapo wa kutosha. Sehemu ya kazi yenye wanachama zaidi ya 100 sheria inaipa nafasi za wawakilishi 15, na angalau watano wawakilishe wanawake. Kwetu wanaojulikana ni watatu, na wawili kati yao hukumbukwa penye msiba. Kwenye msiba, kwa haki, wanajitahidi: rambirambi inafika kabla ya maziko na basi la kwenda Pangani au Muheza halikosekani. Sikatai kuzikwa vizuri. Ningependa na kabla ya hapo kuwe na kitu.

Basi Alhamisi nilimfuata mwenyekiti wa tawi, kijana mwenye adabu, nikamwomba nakala ya mkataba wa hali bora, ule ambao chama kilifunga na mwajiri. Akakuna kichwa. Akasema upo, yeye mwenyewe hajausoma wote, uko kwenye kabati la katibu, na katibu yuko likizo. Nikamuuliza kabati lipi. Akalitaja. Ni kabati la chuma la kijani lililotolewa masjala mwaka juzi, na ufunguo wake wa akiba ninao mie kwenye mkebe wa pini.

Sikulifungua, kazi yangu hainiruhusu kufungua kabati la watu. Nilimpigia katibu, akacheka, akasema fungua mama, mbona mnaogopa kitu chenu. Ndani kulikuwa na mabango ya Mei Mosi, katoni ya fulana za saizi ndogo ambazo hazikumtosha mtu, na chini kabisa jalada la bluu. Kurasa 31. Kipengele cha posho ya kukaimu kiko ukurasa wa 12. Jumatatu naingia mapema kabla foleni ya fotokopi haijaanza. Rimu ya karatasi nimenunua kwa pesa yangu, na nakala ya kwanza ni ya yule dada.