Mtoto, Boxer na Ufunguo wa Baba: Mzazi wa Mwanza Aanzie Wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Kenyatta kutoka Buhongwa kwenda mjini, pikipiki moja aina ya Boxer inapita na watu watatu. Baba anaendesha. Mtoto wa darasa la pili kakalishwa juu ya tangi, mikono yake imeshika katikati ya hendeli. Dada yake yuko nyuma, kakaa upande, begi mgongoni. Kofia ngumu ipo moja, na imening'inia kwenye kiwiko cha baba.

Kwa familia nyingi za Nyamagana na Ilemela pikipiki ndiyo gari la nyumbani, na mtoto anaizoea kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana ubishi huu haupoi. Kuna wazazi wanaosema chombo kikishakuwa nyumbani, bora mtoto afundishwe mapema na mzazi wake. Wengine wanasema kumfundisha ni sawa na kumkabidhi ufunguo.

Wanaotaka mtoto afundishwe hawasemi ovyo. Kule Igombe, Kayenze na Kisesa, kijana wa miaka 12 au 13 anatumwa mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, kufuata dagaa, anatumwa mashineni kusaga, na siku moja anaamua kuichukua pikipiki badala ya kutembea. Asipofundishwa na mzazi atafundishwa kijiweni, kwa pikipiki ya mtu mzima, miguuni ndala, barabarani, jioni magari yakiwa mengi. Kijiweni mtu anaanza kujua kuvuta resi. Kufunga breki anakuja kujua baadaye, pengine baada ya kuanguka. Mzazi anaweza kuugeuza mpangilio huo. Isitoshe, Jumamosi ya kuosha pikipiki na kukaza cheni ni saa ambayo baba na mwanawe, au mama na bintiye, wanaongea mambo ambayo mezani hayatoki.

Upande wa pili una ushahidi mzito zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mapitio ya mwaka 2001 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yaliangalia mafunzo ya udereva wa magari yanayotolewa shuleni. Hayakuona kwamba ajali zilipungua. Yaliona kwamba vijana waliofundishwa walichukua leseni mapema zaidi, yaani waliingia barabarani wakiwa wadogo zaidi. Huenda ujuzi ulizaa kujiamini, na kujiamini kukautangulia umri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinaenda mbali zaidi: kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa pikipiki za nje ya barabara. Na maumbile yenyewe yanawaunga mkono. Boxer ya cc 150 ina uzito unaozidi kilo 110, na kiti chake kiko karibu sentimita 80 kutoka chini. Mtoto wa kilo 35 haishiki ikianza kulala, na akijaribu inamlalia mguu. Pia jicho la mtoto bado halijajua kukadiria kasi ya gari linalomjia. Analiona liko mbali, anavuka.

Hata hivyo tafiti zile zilihusu magari na shule za nchi tajiri, ambako kijana asiyefundishwa mara nyingi alichelewa kuanza kuendesha. Kwetu asiyefundishwa nyumbani anafundishwa kijiweni. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2010, yaliuliza swali hilohilo kuhusu mafunzo ya pikipiki, yakashindwa kutoa jibu kwa sababu tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu. Kwa hiyo anayedai sayansi imemaliza ubishi anakosea, awe upande wowote.

Tunaona ubishi unakwama kwa sababu mambo matatu yamefungwa fungu moja: kuijua mashine, kupakiwa, na kuendesha. Kila moja lina umri wake. Kuijua mashine hakuna umri wa mapema mno. Mtoto wa miaka 7 anaweza kushika geji ya upepo na kusoma psi 25 tairi la mbele, 28 la nyuma, 32 akipanda abiria. Anaweza kusukuma cheni kwa kidole katikati ya spoketi mbili na kuona inacheza sentimita 2 hadi 3, wala si kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mtoto aliyeona breki shu iliyoisha kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa kwa nini pikipiki haikusimama.

Kupakiwa ndiko kunakotuumiza zaidi, kwa sababu ndiko kunakofanyika kila siku bila kufikiriwa. Mzazi anayemweka mtoto kwenye tangi ana hoja yake: mbele anamwona, nyuma anaweza kusinzia akadondoka. Hoja hiyo ni ya kweli, ila hesabu inaikataa. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 11 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekula mita 11. Breki nzuri kwenye lami kavu inakula nyingine 10. Kwenye moramu yenye changarawe, jumla inazidi mita 30. Katika breki hiyo uso wa mtoto unakwenda kwenye hendeli na saa ya spidi, na nyuma yake kifua cha baba wa kilo 70 kinamsukuma. Hata bila ajali, magoti na mikono ya mtoto inazuia hendeli kukata kona vizuri, na mkono mdogo ukishika resi kwa kutafuta pa kujishikia, pikipiki inaruka.

Jibu letu ni gumu kwa mfuko, lakini halina mbadala: mtoto asiyeweza kukaa nyuma hajafikia kupakiwa. Aende kwa miguu, kwa daladala, na usiku akiwa na homa aende hospitali ya Bugando kwa bajaji.

Kipimo cha kukaa nyuma kinafanyika pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi kubwa. Nyayo zote mbili zilale juu ya vikanyagio vya abiria huku magoti yamekunjika. Akumbatie kiuno cha mzazi, ageuke kulia, ageuke kushoto, bila mguu kuinuka. Miguu ikining'inia bado ni mapema, maana kisigino kinachocheza ndicho kinachoingia kwenye spoku. Kama upande wa kushoto wa tairi la nyuma palikuwa na kinga ya chuma, ikafunguliwa ili kubeba magunia, irudishwe kabla ya kupakia mtoto.

Apandie kushoto na ashukie kushoto. Upande wa kulia kuna eksozi, na vigimbi vya watoto wengi vina alama yake. Akiungua, maji safi ya baridi yamwagike juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta viwekwe mbali, vinafungia joto na kumpa mganga kazi ya kusafisha. Akae kwa kupanua miguu, binti naye vilevile. Avae suruali chini ya sketi. Kukaa upande kunahamisha uzito wote upande mmoja, na pindo la kanga likipepea linavutwa na cheni. Desturi ya kumkalisha binti upande kwa heshima inaeleweka, lakini heshima yake haipungui akivaa suruali.

Kofia ngumu iwe ya mtoto mwenyewe. Mapitio ya Cochrane ya 2008 yalikuta inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Kinga hiyo haipatikani kwa kofia ya baba iliyojazwa sponji au kitambaa. Katika kuanguka inazunguka na kumziba macho. Chukua tepi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi, nunua namba hiyo hiyo. Mashavu yabanwe kidogo. Chini ya mkanda wa kidevu pasizidi vidole viwili. Ishike nyuma uivute kwenda mbele: ikitoka, irudishe dukani. Tafuta herufi E ndani ya duara, alama ya kiwango cha usalama, na ikishaanguka na kichwa ndani, imemaliza kazi yake hata kama nje haina ufa.

Na kwenye njia za mawe kupanda Mabatini au Igogo, mshushe mtoto apande hatua ishirini kwa miguu. Mlimani abiria anateleza kwenda nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na jiwe moja linatosha. Safari ndefu nayo inadanganya. Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025, Sengerema imesogea, ila usingizi wa mtoto haujasogea. Kila nusu saa simama, ashuke, anywe maji. Na mchana upepo wa ziwa unapiga kwa ubavu pale darajani, kwa hiyo punguza mwendo.

Sasa kuendesha. Asiyeweza baiskeli asianze pikipiki; mizani inajifunzwa pale. Mashine inayofaa ni ile ambayo mtoto aliyekaa anakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na ikilala anaweza kuiinua. Honda CRF50F na Yamaha PW50 zilitengenezwa kwa ajili hiyo, hazina klachi ya mkono, na resi inaweza kufungiwa kwa skrubu isivutike sana. Ni nadra Mwanza. Mzazi asiyezipata ana uamuzi mmoja wa haki, kusubiri urefu ufike. Kumpa mtoto wa miaka 10 Boxer kwa kuwa ndiyo iliyopo siyo kufundisha.

Uwanja nao una siri. Mchanga wa ufukweni unaonekana laini, lakini gurudumu la mbele linazama na hendeli inapinduka. Luseni, udongo wa kichanga wa milimani, una tabia hiyohiyo kiangazi. Mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa bondeni, ikilowa inajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Itogolo, yaani udongo mgumu wa tambarare, iliyokauka, au uwanja wa shule siku isiyo na watu, ndiyo mahali. Mita 40 kwa 30 zinatosha, bila mawe, bila ng'ombe.

Siku ya kwanza injini isiwashwe: kusukuma, kuweka stendi, kuinua iliyolala. Siku ya pili, kwa yenye klachi, gia ya kwanza bila resi. Aachie klachi polepole mpaka inaposhika, aende mita 2, aminye klachi na breki, asimame. Mara kumi, kisha mara kumi tena. Kosa linaloumiza wengi liko hapa. Pikipiki inaruka, mwili unabaki nyuma, mkono unaojishikilia unazidi kuvuta resi. Dawa yake ni klachi: afundishwe kuiminya kila anaposhtuka, mpaka vidole vifanye bila kuambiwa. Mzazi asikimbie mbele yake wala kusimama anakoelekea.

Barabarani hapana, hata mtaa wa nyumbani, hata "mpaka dukani tu", mpaka umri wa sheria na leseni ya pikipiki. Hapa tunakubaliana moja kwa moja na wanaopinga.

Wanaopinga wamegusa pia jambo ambalo wafundishaji hulisahau: mtoto anayejua kuendesha anaijua na swichi. Pikipiki iliyozeeka inawashwa hata kwa ufunguo wa kufuli la mlango, na watoto wanalijua hilo kabla ya wazazi. Jaribu yako leo jioni kwa funguo zote zilizomo ndani. Ikikubali mmoja, badilisha swichi kabla ya somo la kwanza.