Uwanja Ulioumuka

Mimi ni fundi wa vigae. Nimetandika mabafu, majiko na sebule ambazo hadi leo ukidondosha gololi haijui iende wapi. Kwa hiyo Neema, binti yangu, alipodai uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya nyumba, niliona ni kazi ya asubuhi moja. Vigae vya plastiki, vya kubana, havitaki hata gundi. Mtoto wa chekechea anaweza.

Zege, kwa kweli, nililifanya vizuri. Hilo nalisema kabla hamjaanza kucheka. Nyuma kwetu Goba pana nafasi kati ya ukuta wa jikoni na uzio. Nilitoa udongo wa juu, nikashindilia kifusi, nikalaza wavu wa chuma, nikamwaga jamvi la sentimita 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mita 9.15 kwa 6.10, mifuko 36 ya saruji. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mferejini, maana vigae hivi vina matundu: maji hupita chini yake, na yakituama unafuga mbu bila kujua. Nikapitisha rula ya aluminiamu ya mita 3, na kila bonde lililozidi milimita 3 nikaliziba. Kigae cha plastiki juu ya bonde hulia kama kiatu kipya kanisani. Nikamwagilia siku 7, nikaacha mwezi upite.

Ndipo nikapiga hesabu iliyoniponza. Kigae kimoja ni sentimita 30.5. Vigae 30 ni mita 9.15. Kutoka ukuta hadi uzio: mita 9.15. Hakuna kukata hata kimoja! Nikamwita mama Neema aje aone.

"Chanda na pete," nikamwambia.

Akasema wali unaungua, akarudi ndani.

Jumamosi ya Januari, saa 12 alfajiri, kaubaridi bado kapo, mimi na Neema tukaanza. Kila kigae kina vitanzi pande mbili na vijiti pande mbili. Vitanzi hutazama unakokwenda, ili kigae kinachofuata kishuke na vijiti vyake kutoka juu. Unakanyaga kwa kisigino, tak! Ukigeuza kimoja, jirani yake hashiki. Neema aligeuza kimoja. Mimi niligeuza kumi na kimoja, lakini hilo tulikubaliana libaki siri.

Safu ya mwisho, ya uzioni, iligoma. Nikaibembeleza kwa nyundo ya mpira mpaka ikaingia. Fundi wa marumaru akiona ufa ukutani halali, na mimi usiku ule nilipanga kulala. Kisha tukasimamisha goli juu ya vigae, kitako chake kimejaa mchanga, ringi mita 3.05 kutoka chini. Saa 4 kazi imekwisha.

Baba mkwe akaja mchana. Alistaafu reli, aliongoza genge la kukarabati njia. Nikampa shikamoo, nikamwekea kiti cha plastiki pembeni ya goli, glasi ya juisi ya ukwaju mkononi, ili aone mkwewe ni mtu wa namna gani.

Saa 7 hivi tukasikia kama mtu anavunja miwa. Halafu: PAA!

Katikati ya uwanja sakafu iliinuka kwa mpigo mmoja, karibu shibiri nzima, tuta limekatiza kutoka ukingo huu hadi ule. Goli likaegemea nyuma, ringi ikatazama mbinguni kama inaomba mvua. Juisi yote ikamwagikia kanzu ya mkwe. Kuku wa jirani, ambaye hajawahi kupitwa na fursa, akaona handaki limefunguka upande wa mferejini, akaingia na vifaranga vyake sita.

Mzee hakusimama. Alijifuta ukwaju taratibu, akaweka kiganja kwenye kigae, akakitoa haraka.

"Mwanangu, hapa ukutani uliacha nafasi kiasi gani?"

"Nafasi ya nini, baba?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayejiuliza binti yake amefanya nini.

Hesabu aliyonifanyia ni hii. Plastiki ya vigae hivi, polipropilini, hurefuka karibu milimita 1 kwa kila mita joto likipanda nyuzi 10. Alfajiri kigae kilikuwa kama nyuzi 25. Kigae cha buluu iliyokoza kama hivi vyangu, kwenye jua la mchana, hupita 55. Nyuzi 30 kwa mita 9 ni kama sentimita 2.7. Nimeacha sifuri. Zikikosa pa kwenda kando, zinapanda juu, na sentimita 2.7 za kando huzaa tuta la shibiri. Goli nalo lilikuwa limeikalia sakafu ambayo inatakiwa kuelea, yaani kuteleza huru juu ya zege.

"Reli ni chuma," akasema, "na bado tuliiachia nafasi kwenye maungio."

Jioni tuta likanywea lenyewe. Kesho yake alfajiri nikaibandua safu ya uzioni kwa bisibisi, vigae 20, nikaanza kukata kwa grenda. Msiige. Plastiki iliyeyuka, ikaganda kwenye diski, mtaa mzima ukanuka ndoo iliyoungua. Jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, yenye meno madogo ndiyo iliyoniokoa: nikapunguza sentimita 4 kila kigae, nikasogeza sakafu yote, ikabaki nafasi ya sentimita 2 jikoni na 2 uzioni. Goli likahamia nje ya vigae, kwenye msingi wake wa zege. Kuku alitoka kwa mtama.

Tangu hapo hakuna kilichoinuka. Ila mkwe akija siku hizi haingii ndani kwanza. Anapitia nyuma, anainama ukutani, anachomeka kidole gumba kwenye ile nafasi, anakivuta kutoka jikoni hadi kwenye kona. Mimi nimesimama nyuma yake na shikamoo yangu mdomoni. Akifika mwisho ndipo anajibu: "Marahaba."